Mikoko Pamoja: Wanavijiji wa Gazi wavuna kwa kutokata

GHUBA ya Gazi iko Kaunti ya Kwale, takriban kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Maji yanapokupwa, mizizi ya mikoko huonekana imejikita matopeni, na kaa hukimbilia mashimoni. Baadhi ya sehemu hizo ziliwahi kubaki tupu.

Katika miaka ya 1970, mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi ili iwe kuni za viwandani. Serikali ilipiga marufuku uuzaji wa boriti za mikoko katika nchi za nje mwaka wa 1982, lakini ukataji kwa matumizi ya nyumbani haukukoma. Hasara haikuwa ya miti pekee. Mizizi ya mikoko ndiyo malezi ya samaki wachanga na kamba, na ndiyo ngao ya ufuo dhidi ya mawimbi.

Mwaka wa 1991, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) walianza kupanda mikoko upya katika ghuba hiyo, wakisaidiana na wenyeji. Miche iliota. Hata hivyo, swali moja lilibaki: mwanakijiji akikatazwa kukata mti, atapikia nini, na atajengea nini?

Jibu lilipatikana mwaka wa 2013, mradi wa Mikoko Pamoja ulipozinduliwa na wakazi wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Mradi huo hulinda hekta 117 za mikoko: hekta 107 za msitu wa asili na hekta 10 zilizopandwa kwa mikono.

Utaratibu wake ni huu. Mikoko hufyonza hewa ya kaboni inayochangia kuongezeka kwa joto duniani, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo huzikwa matopeni chini ya mizizi. Kiasi kinachohifadhiwa hukadiriwa, kisha huidhinishwa chini ya mpango wa kimataifa wa Plan Vivo. Makampuni na watu binafsi wanaotaka kufidia uchafuzi wao hununua kiasi hicho, ambacho ni takriban tani 3,000 kwa mwaka.

Fedha zinazopatikana si nyingi. Katika miaka ya mwanzo zilikuwa takriban dola 12,000 za Marekani kwa mwaka. Lakini matumizi yake huamuliwa na wanavijiji wenyewe. Zimeleta maji safi karibu na nyumba na kuwanunulia wanafunzi vitabu. Aidha, mivinje imepandwa nchi kavu ili iwe kuni na nguzo badala ya mikoko.

Mnamo 2017, mradi huo ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP). Mfano wake umeigwa karibu na mpaka wa Tanzania, ambako vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu hulinda zaidi ya hekta 400.

Ulinzi wa msitu hauna mwisho, kwani shoka moja usiku laweza kuangusha mti uliokua kwa miaka mingi. Lakini pale mkazi anapoona mfereji wa maji umetokana na mti uliosimama, yeye mwenyewe huwa mlinzi wake. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mcheza kwao hutuzwa.