Tausi wa Chokaa Kidichi

Mgeni anayetoka Mjini Unguja kwa njia ya Bububu, akisha kukata mkono wa kulia na kuanza kupanda, hujikuta katikati ya minazi na mikarafuu. Na asipoambiwa, huenda akalipita jengo dogo lenye makuba bila ya kulitazama mara ya pili. Hilo ndilo hamamu la Kidichi. Lilijengwa yapata mwaka 1850 kwa amri ya Sayyid Said bin Sultan, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Bibi Shehrazad, mjukuu wa Fath Ali Shah aliyeitawala Uajemi hadi 1834.

Nje ni kuta tupu. Ndani, juu ya mabirika na mabaraza ya mawe, kuta zimepambwa kwa nakshi za chokaa: tausi, mitende, maua. Haya hayakuzoeleka katika majengo ya mfalme yule. Said alikuwa Muibadhi, na watu wa madhehebu yake hujizuia katika mapambo. Majumba ya Mji Mkongwe huweka fahari yake mlangoni, katika mbao, na sura ya kiumbe ni nadra kuonekana ukutani. Ndege wa Kidichi wametoka katika mila nyengine, mila ya Shiraz na Isfahan, ambako jengo na bustani havitenganishwi, na ua lililokauka nje huendelea kuchanua ukutani.

Neno lenyewe bustani ni la Kiajemi: *bu* ni harufu, *stan* ni mahali. Saadi wa Shiraz alikiita kitabu chake cha mashairi Bustan, mwaka 1257, naye amezikwa mjini kwao ndani ya bustani, kama Hafidh. Mshairi wa Kiswahili anayetia yasmini katika ubeti wake hutumia neno la watu hao hao, pengine bila ya kujua.

Lakini Ushirazi wa visiwa hivi ni jambo jengine, wala usipimwe kwa tausi wa Kidichi. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, miaka mia saba na zaidi kabla ya Bibi Shehrazad. Kwa muda mrefu wako waliosema kwamba nasaba ya Shirazi ni hadithi tu ya kujitukuza. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, ikiwemo Manda, Mtwapa na Songo Mnara: mama zao wengi walikuwa Waafrika, na katika baba zao damu ya Uajemi ilikuwa na sehemu kubwa, ikianza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Wazee, basi, hawakusema uongo. Ila waliwataja baba wakawaacha mama.

Kidichi nako kuna walioachwa. Mashamba ya karafuu yaliyolizunguka hamamu yalilimwa na watumwa, na utumwa haukuondoshwa kisheria Unguja hadi 1897. Msafiri husimuliwa habari za binti mfalme. Za wachumaji husimuliwa mara chache.

Na huyo binti mfalme, Salme binti Said amemtaja katika kumbukumbu zake zilizochapwa Berlin mwaka 1886: mwanamke mzuri, mwingi wa lulu, aliyependa kupanda farasi na kuwinda mchana kweupe na Waajemi wake, jambo lililowashangaza watu wa nyumba ya mfalme. Hakuzaa na Said. Mwisho aliachwa, akarejea kwao.

Hamamu jengine, la Hamamni mjini, lilijengwa baadaye, zama za Sayyid Barghash, chini ya usimamizi wa Haji Gulamhussein. Hilo lilikuwa la umma, na kazi yake ilijulikana. La Kidichi lilikuwa la mtu mmoja. Unyevu na kuvu vimezila nakshi zake, hasa sehemu za chini, na mbawa za tausi wengine hazibainiki tena.

Mwaka 1854 Said alirudi Omani kwa sababu ya ugomvi na Waajemi juu ya Bandar Abbas. Ulimalizwa kwa mkataba mwaka 1856. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, akiwa njiani kurejea Unguja, alifia baharini.