Sanamu Ipo, Kaburi Liko Wapi?

Februari 2007, siku chache baada ya sanamu ya Dedan Kimathi kuzinduliwa jijini Nairobi, nilimpeleka shosho akaione. Tulipanda 46 kutoka Kawangware, tukashuka Kencom, tukajikokota na goti lake bovu hadi pale Barabara ya Kimathi inapokutana na ya Mama Ngina. Vijana walikuwa wanapiga picha. Shosho akaizunguka sanamu mara moja bila kusema neno. Akaangalia nywele zilizosokotwa, bunduki, sime. Kisha akaniuliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Sawa. Na mwenyewe amelala wapi?"

Nikamwambia Kamiti.

"Kamiti wapi? Kamiti si kitanda, useme mtu amelala Kamiti ukanyamaza."

Sikuwa na jibu. Mimi nauza vitabu vya mitumba pale Toi, ukingoni mwa Kibera, biashara yenye faida kidogo na muda mwingi wa kusoma. Tangu siku ile nimesoma kila kilichopita mkononi mwangu kuhusu mtu huyu. Jibu la shosho bado sijalipata.

Yanayojulikana ni haya. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari Kenya. Miaka minne na siku moja baadaye, tarehe 21 Oktoba 1956, Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu, Nyeri, akiwa amevaa ngozi ya chui. Serikali ya wakati ule haikumhesabu kuwa mpinzani wala mateka wa vita. Ilimwita gaidi, jambazi wa msituni. Novemba hiyo hiyo alishtakiwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee washauri watatu. Wengi hushangaa wakisikia kwamba kosa lililomtia kitanzini halikuwa kuua mtu. Lilikuwa kupatikana na bastola na risasi. Chini ya kanuni za hali ya hatari, hilo lilitosha.

Usiku wa mwisho alimwandikia barua Padre Marino wa misheni ya Nyeri. Haikuwa barua ya siasa. Alimwomba padre amfikirie mwanawe katika mambo ya shule, na asimsahau mama yake mzee. Asubuhi ya tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa ndani ya gereza la Kamiti, akazikwa humo humo bila alama yoyote.

Kumzika kwa namna hiyo ulikuwa utaratibu uliotoka Uingereza. Tangu 1868, sheria ya huko iliamuru watu wanyongwe ndani ya kuta za gereza na wazikwe ndani ya kuta hizo. Mwili haukurudishwa kwa wenyewe. Huku kwetu, utaratibu ule ulikuwa na faida moja zaidi kwa watawala: mahali pasipojulikana hapawezi kuwekwa maua, wala kuapiwa kiapo. Mwanahistoria David Anderson amehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa mashtaka ya Mau Mau. Kimathi tunamtaja kwa sababu tunalijua jina lake.

Na shosho hakuwa anauliza habari za Kimathi peke yake. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi walizingira Nairobi katika msako ulioitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nyumbani na mitaani, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia usoni. Gunia likitikisa kichwa, umekwenda. Kaka yake shosho, aliyekuwa akifanya kazi ya kufua nguo za Wahindi, alichukuliwa asubuhi hiyo na chupa yake ya chai. Walisikia yuko kambi fulani, kisha kambi nyingine, kisha hawakusikia tena. Hakuna barua iliyokuja. Mama yao aliendelea kumwekea chakula miaka mingi, hadi shosho mwenyewe alipoanza kuwa na watoto wa kukila.

Mwaka 2016 nilikwenda Nyeri kwa harusi. Asubuhi, kabla ya watu kuamka na uchovu wao, nikatembea hadi makaburi ya kanisa la St Peter's. Huko amelala Robert Baden-Powell, jenerali wa Kiingereza aliyeanzisha skauti. Alihamia Nyeri mwaka 1938, akafa tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake limetunzwa vizuri. Kwenye jiwe pamechongwa duara lenye nukta katikati, alama ya skauti inayosema: nimekwenda nyumbani. Serikali ya Kenya imelitangaza kaburi hilo kuwa mnara wa kitaifa, kwa hiyo linalindwa na sheria. Huwezi kulibomoa ujenge fleti.

Sina ugomvi na kaburi hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa skauti shule ya msingi, nikafunga ile skafu kwa fahari. Lakini nikiwa nimesimama pale nilikumbuka jambo nililolisoma. Mwaka 1896, katika vita vya Matabeleland, nchi inayoitwa Zimbabwe leo, Baden-Powell aliamuru chifu Uwini apigwe risasi. Chifu yule alikuwa amekwisha kujisalimisha. Afisa huyo alichunguzwa, akaonekana hana hatia. Mmoja aliua mateka, akapata jiwe jeupe na ulinzi wa sheria. Mwingine alipatikana na bastola, akapata shimo lisilojulikana. Wote wawili wanahusika na Nyeri. Wote wana siku yao Februari, skauti tarehe 22, Kimathi tarehe 18.

Niliporudi Toi nikamsimulia mzee mmoja Mnubi wa Makina, mteja wangu anayependa vitabu vya dini na magazeti ya zamani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kijana wangu," akasema, "baba yangu alikuwa KAR. Huko msituni alikuwako, lakini upande ule mwingine."

Nikamwambia pole, mzee, sikukusudia kukuudhi.

"Hujaniudhi. Nataka uone tu. Kaburi la baba yangu naweza kukuonyesha saa hii, tukatembea kwa miguu tukafika. La huyo wako hakuna awezaye. Basi hapo nani alishinda vita?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa. Wanubi wa Kibera ni wajukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza. Ardhi yao, zaidi ya ekari 4,000, ilitangazwa kuwa eneo la jeshi mwaka 1918, lakini hati hawakupewa. Walihesabiwa kama wageni wa serikali, vizazi kwa vizazi. Mwaka 2017 ndipo walipokabidhiwa hati ya jamii, kwa ekari 288. "Miaka yote hiyo," mzee akaniambia, "mtu akituuliza nyinyi ni wa wapi, tulimpeleka makaburini. Karatasi hatukuwa nayo. Tulikuwa na wazee wetu chini ya udongo."

Hapo ndipo nilipomwelewa shosho. Sanamu humkumbusha mpita njia. Kaburi ni dai: huyu ni wetu, alitoka hapa, amerudi hapa. Ndiyo maana mkoloni alilificha. Na ndiyo maana inauma kwamba nchi huru imeishi na siri hiyo muda mrefu kuliko mkoloni mwenyewe. Marufuku ya Mau Mau, iliyowekwa mwaka 1950, iliondolewa mwaka 2003 tu. Miaka 40 baada ya uhuru, kisheria Kimathi alikuwa bado mwanachama wa kundi haramu, ingawa barabara yenye jina lake ilikuwa katikati ya jiji. Oktoba 2019 habari zilienea kwamba kaburi limepatikana Kamiti, serikali ikakana upesi. Mjane wake, Mukami, aliyeomba mara nyingi apewe mifupa aizike, alifariki Mei 2023. Alizikwa Njabini, bila mumewe.

Watu husema, muda umepita, mifupa ya gerezani haitambuliki tena. Si kweli. Ned Kelly, mhalifu aliyevuma kuliko wote katika koloni la Australia, alinyongwa Melbourne mwaka 1880. Mifupa yake ilihamishwa kutoka gereza moja hadi jingine, ikachanganyika na ya wenzake. Mwaka 2011 wataalamu waliitambua kwa vinasaba vya jamaa yake, na Januari 2013 ukoo wake ukamzika. Roger Casement alinyongwa London mwaka 1916. Uingereza ilimrudisha Ireland mwaka 1965. Nchi hizo ziliamua kutafuta.

Mimi sidai kaburi la marumaru. Nadai uwanja wa Kamiti walikozikwa walionyongwa upewe ulinzi ule ule uliopewa jiwe la Nyeri, wote 1,090 watajwe kwa majina, na familia zinazotaka kupimwa vinasaba zipimwe. Kimathi akipatikana humo, vizuri. Asipopatikana, angalau shangazi wa mtu fulani atakuwa na mahali pa kusimama.

Shosho alifariki mwaka 2014, tukamzika ushago. Alikuwa ameacha agizo moja. Fundi wa msalaba aliposoma karatasi niliyompa akakuna kichwa.

"Hapa kuna majina mawili. Wanazikwa wawili?"

"Mmoja," nikamwambia.

"Na huyu mwingine?"

"Ni kaka yake. Andika jina tu. Tarehe uiache wazi."

Akaandika. Pesa ya jina la pili hakuitaka.