Jeki ya lori inayopanda kisha kushuka yenyewe: kutambua ubovu na kuurekebisha

Tairi likipasuka kati ya Busia na Tororo, kazi ya kwanza ya dereva na tanboi wake ni kutafuta mahali pa kuegesha na kutoa jeki. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba jeki iliyofanya kazi vizuri mwezi uliopita sasa haipandi kabisa, au inapanda mpaka tairi linapoachia ardhi kisha inarudi polepole. Tatizo hili la pili ndilo la hatari zaidi kwa kuwa linadanganya. Mzigo unaonekana umesimama, kumbe unashuka milimita kwa milimita juu ya mtu aliyelala chini ya ekseli.

Jeki inayozungumziwa hapa ni ile fupi ya mafuta, ambayo mafundi huiita jeki ya chupa kwa sababu ya umbo lake. Hubebwa karibu katika kila lori linalopita mpaka huu, iwe limebeba saruji ya Tororo, mafuta yaliyopakiwa Kisumu au Eldoret, au kontena kutoka Mombasa. Hasara ya jeki mbovu huongezeka foleni inapokuwa ndefu. Januari 2022, malori yalipokwama kwa siku nyingi Malaba na Busia kutokana na masharti ya kupima UVIKO-19, gari lililoharibika lilikuwa kero kwa mwenyewe na kwa wote walio nyuma yake.

Inavyofanya kazi

Ndani ya jeki kuna pistoni mbili, ndogo ya pampu na kubwa inayoinua mzigo. Mkono ukipandishwa, pampu inavuta mafuta kutoka tangi kupitia tundu lenye gololi. Mkono ukishushwa, gololi hiyo inaziba, mafuta yanasukumwa kupitia gololi ya pili na kuingia chini ya pistoni kubwa. Gololi ya pili kazi yake ni kuzuia mafuta yasirudi. Skurubu ya kushushia, ile inayofunguliwa kwa ncha ya mkono wa jeki, hufungua njia ya mafuta kurudi tangini.

Nguvu hutokana na tofauti ya ukubwa wa pistoni. Pistoni ya pampu ikiwa na upana wa sentimita 1 na ile kubwa sentimita 5, eneo linazidi mara 25. Mkono nao ukizidisha nguvu mara 15, mtu anayebonyeza kwa uzito wa kilo 30 anaweza kuinua zaidi ya tani 11. Ndiyo maana chembe moja ya mchanga chini ya gololi inatosha kuishinda jeki ya tani 20.

Kwanza itolewe hewa

Jeki nyingi zinazopelekwa kwa fundi hazina ubovu wowote. Zimelazwa ubavu ndani ya sanduku la vifaa, zikarushwarushwa na mashimo ya barabara, hewa ikaingia mahali pa mafuta. Dalili yake ni mkono kuwa mwepesi, au jeki kupanda kwa kudunda kama springi.

Jeki isimamishwe wima bila mzigo. Skurubu ya kushushia ilegezwe mzunguko mmoja hivi, kisha mkono upigwe haraka mara nane hadi kumi kwa urefu wake wote. Baadaye skurubu ifungwe kwa mkono bila kulazimishwa, na jeki ijaribiwe. Isipopona, kizibo cha mpira cha tangi kilegezwe kidogo hewa itoke, na zoezi lirudiwe.

Kiasi cha mafuta hupimwa pistoni ikiwa imeshuka kabisa na jeki imesimama wima. Yafike ukingo wa chini wa tundu la kizibo. Yakipungua, jeki haitafika urefu wake wa mwisho. Yakizidi, yatatoka kwenye kizibo au pistoni itakataa kurudi chini. Wapo wanaojaza tangi pistoni ikiwa juu, kisha wanashangaa mafuta kuwarukia wanapoishusha.

Mkono wa jeki husema mengi

Hewa ikishatoka na mafuta yakiwa kamili, ubovu uliobaki hutambulika kwa kuangalia mkono na mzigo.

Mkono unaopanda na kushuka bila uzito wowote huonyesha kwamba skurubu ya kushushia haijafunga, au gololi ya kuvutia mafuta haikai sawasawa mahali pake. Mkono unaorudi juu wenyewe ukiachwa, au mzigo unaopanda ukipiga na kushuka ukiinua mkono, ni dalili ya gololi ya pili kuvujisha. Mzigo unaoshuka wakati mkono haujaguswa mara nyingi hutokana na skurubu ya kushushia au sili ya pistoni kubwa.

Ili kutofautisha hizi mbili za mwisho, jeki ifutwe ikauke kabisa, iinuliwe ikiwa na mzigo mdogo usio na mtu karibu, na iangaliwe kwa dakika kumi. Mafuta yakionekana kuzunguka pistoni kubwa, sili yake ya juu imekwisha. Yakionekana kwenye pampu, sili ya pampu ndiyo mbovu. Jeki ikishuka huku nje ikibaki kavu, mafuta yanarudi tangini kwa ndani: kwenye gololi, kwenye skurubu, au yakipita sili ya ndani ya pistoni.

Uchafu chini ya gololi ni wa kawaida kuliko sili iliyokufa, kwa hiyo busara ni kusafisha kabla ya kununua vipuri. Mafuta ya zamani yamwagwe yote, mapya kidogo yawekwe, jeki ipigwe bila mzigo skurubu ikiwa imelegezwa, yamwagwe tena mpaka yatoke masafi. Ikishindikana, fundi atatoa gololi, atafuta kiti chake na kuigonga kidogo kwa kipande cha shaba ili ikae vizuri. Gololi yenye kutu hubadilishwa kwa nyingine ya kipimo kilekile. Sili nazo hupimwa kwa kifaa cha kupimia upana. Kukadiria kwa macho dukani huleta safari ya pili.

Skurubu moja haipaswi kuguswa. Jeki nyingi zina vali ya usalama inayoachia mafuta mzigo unapozidi uwezo, na baadhi ya mafundi huikaza ili jeki "ipate nguvu". Jeki iliyokazwa hivyo haitakataa tena mzigo inaoshindwa. Itapasuka sili, au itapinda pistoni ikiwa chini ya gari.

Mafuta ya breki hayafai

Kosa linalorudiwa mara nyingi barabarani ni kuongeza mafuta ya breki kwa sababu ndiyo yaliyo karibu. Mafuta hayo ni ya aina nyingine kabisa. Sili za jeki nyingi zimetengenezwa kwa mpira wa kuhimili mafuta ya petroli, na hizo zikikutana na ya breki huvimba na kulainika. Jeki itafanya kazi siku hiyo, kisha itavuja kila mahali. Oili chafu ya injini nayo imejaa masizi na vumbi la chuma, yaani uchafu uleule unaokaa chini ya gololi. Yanayofaa ni mafuta ya haidroliki mepesi, yenye namba kama 22 au 32. Yakionekana meupe kama maziwa, maji yameingia, na lazima yamwagwe yote kabla kutu haijala silinda.

Ardhi na uzito

Wakati mwingine jeki ni nzima na inayoshuka ni ardhi. Pembezoni mwa barabara za eneo hili, hasa karibu na mabonde ya mito Malaba na Sio, udongo hulainika sana wakati wa mvua. Kitako cha jeki chenye sentimita 12 kwa 12 kikibeba tani 5 kinakandamiza udongo kwa karibu kilo 35 kwa kila sentimita ya mraba. Ubao mgumu wa sentimita 40 kwa 40, wenye unene wa inchi mbili au zaidi, unapunguza mkandamizo huo hadi kilo 3 hivi. Ubao hauna bei kubwa na unakaa nyuma ya kiti. Jiwe au tofali halifai, kwani hupasuka ghafla.

Kuhusu uwezo, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne, na jumla ya tani 56 kwa gari la ekseli saba. Upande mmoja wa ekseli unaweza kuwa tani 5, lakini trela lenye ekseli tatu likiinuliwa sehemu moja, jeki hupokea pia uzito wa jirani zake. Jeki ya tani 20 haizidi mahitaji ya gari la namna hiyo.

Hata jeki nzima isiyovuja ni ya kuinulia tu. Kabla mtu hajaingia chini, magurudumu mengine yawekewe vizuizi, na gari liegemee stendi ya chuma au magogo yaliyopangwa vizuri.

Magari ya watalii

Magari ya watalii yenye vyumba vya kulala yanayovuka Busia kuelekea Jinja huwa na miguu ya kusawazishia gari, na mingine huendeshwa kwa mafuta kama jeki. Tofauti ni kwamba pampu yake huzungushwa na mota ya umeme. Miguu yote ikigoma, ianze kuangaliwa betri, fyuzi na kiasi cha mafuta. Mguu mmoja tu ukigoma au kushuka, tatizo liko kwenye vali, mpira au sili ya mguu huo, na kanuni za juu zinatumika vilevile.

Kununua nyingine

Jeki yenye pistoni iliyochunika au kuliwa na kutu haistahili sili mpya. Itazikwangua ndani ya wiki chache. Anayenunua iliyotumika aitilie shaka jeki iliyopakwa rangi upya mpaka namba ya tani haisomeki, na aijaribu chini ya gari kabla ya kulipa.

Jeki moja ikiwa kifaa cha gari haina tatizo mpakani. Anayevusha kadhaa za kuuza ajue kwamba utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo, wenye kikomo cha dola 2,000 za Marekani, ni wa bidhaa zilizotokana na nchi za Jumuiya zilizomo katika orodha. Jeki za China na India hazimo. Jeki za haidroliki za kubebeka huingia katika kifungu cha ushuru 8425.42, na stakabadhi ya duka pamoja na hati za uingizaji zinafaa kuwa mkononi kabla ya kufika dirishani.