Neno Tohara Lilipofika Singida

Sisi watu wa pwani neno tohara tumelizoea mno, hata limekuwa kama kizingiti cha mlango: kila siku twalivuka wala hatulitazami. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni usafi. Kwetu limebeba mambo mawili yaliyoshikana, usafi wa mja anapokabili ibada, na kutahiriwa kwa mtoto wa kiume. Mtoto huyo twasema ametiwa suna, au kwa kauli ya wazee, ametiwa jandoni. Dada yake naye akivunja ungo huchezwa unyago. Hufundwa, huimbiwa, hutolewa hadharani kwa vigelegele. Kisu hakimhusu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, aliyaeleza ya jando na ya unyago, na hadi leo msomaji wa pwani akiyasoma hujiona yumo nyumbani.

Msomaji huyo akisafiri kwenda Singida hulikuta neno lake mwenyewe likimngoja, lakini limebadilika sura.

Singida iko katikati ya Tanzania bara, nchi ya majabali na ya maziwa ya chumvi. Wenyeji wake wakubwa ni Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Arimi, pamoja na Wanyiramba na Wanyisanzu wa upande wa kaskazini. Kwa habari ya tohara nchi hii ni mpaka. Magharibi na kaskazini yake wako Wanyamwezi na Wasukuma, ambao kwa asili hawakutahiri. Mashariki wako Wagogo, ambao walitahiri. Wanyaturu nao walitahiri, na desturi hiyo ilikuwa ya kwao wenyewe. Haikutegemea msikiti wala msafara. Tena haikuwa ya wavulana peke yao. Mvulana alikatwa ili awe mwanamume, na msichana alikatwa ili awe mwanamke wa kuolewa. Mambo haya si uvumi wa wasafiri. Eberhard von Sick, afisa wa Kijerumani, aliandika juu ya Wanyaturu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza; Harold Schneider akatoa kitabu chake juu ya Wanyaturu wa Wahi mwaka 1970; na Marguerite Jellicoe, aliyeishi na kutafiti Singida, akafuatia mwaka 1978. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuzungumza juu ya jamii ile bila ya kuzitaja tohara zote mbili, kwani zilikuwa pacha.

Basi historia ninayotaka kuisimulia ni ya jinsi pacha hao walivyotenganishwa, na jinsi afya, ambayo wengi wetu huidhani ni shahidi asiye na upande, ilivyoitwa na kila upande uje kuutolea ushahidi.

Nianze na kaka. Kwa miaka mingi madaktari hawakuwa na ugomvi mkubwa na tohara ya wavulana. Ugomvi wao ulikuwa na kisu. UKIMWI ulipogunduliwa Tanzania mwaka 1983, mkoani Kagera, na ilipofahamika kuwa damu hubeba virusi, kisu kimoja kupita kwa wavulana kadhaa likawa jambo la kutisha. Ngariba wakaambiwa kila mtoto awe na wembe wake. Wazazi wengi wakaona heri kumpeleka mtoto zahanati, na kidogo kidogo kumbi zikapungua. Wakati huohuo, kwa majirani wasiotahiri, mambo yalikuwa yakienda kinyume. Utafiti juu ya Wasukuma uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa vijana wao walikuwa wameanza kutahiriwa kwa hiari, zaidi wale wa mijini na waliosoma, kwa kuona kuwa ni usafi na kwa kukimbia kuchekwa na wenzao. Hapo neno letu la pwani lilikuwa limeshatangulia mbele ya daktari.

Kisha zikaja habari zilizoigeuza meza. Majaribio matatu yalifanywa: Orange Farm huko Afrika Kusini kwa wanaume 3,274, Kisumu nchini Kenya kwa wanaume 2,784, na Rakai nchini Uganda kwa wanaume 4,996. La kwanza lilikatizwa mwaka 2005, na mawili mengine Desemba 2006, kwa kuwa faida ilikuwa wazi na haikuwa haki kuwanyima waliobaki. Mwanamume aliyetahiriwa alikuwa na hatari pungufu, kwa nusu na zaidi, ya kuambukizwa virusi na mwanamke. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likaitia tohara katika orodha ya kinga. Tanzania ikaanza na mkoa wa Iringa, ambako uchunguzi wa 2007-08 ulikuta watu wazima kiasi cha 16 katika kila 100 wana virusi, hali wastani wa taifa ulikuwa kama 6, na wanaume waliotahiriwa walikuwa wachache. Katika kampeni ya wiki sita ya mwaka 2010 walitahiriwa wanaume na wavulana 10,352. Kampeni hiyo iliangukia majira ya baridi. Watu wa Iringa waliamini kidonda hupona upesi wakati wa baridi, na waganga wa hospitali, kwa busara, hawakubishana nao.

Singida haikuwamo katika mwanzo huo. Wanaume wake walikuwa wameshatahiriwa, na virusi huko vilikuwa chini ya wastani wa taifa. Hapo ndipo mtu anapoweza kusema, na wako waliosema: wazee walijua. Mimi sikubali. Wazee hawakukata kwa ajili ya virusi ambavyo havikuwako. Walikata kwa ajili ya utu uzima, heshima na ndoa. Kuwavisha koti jeupe la daktari ni kuwavunjia adabu kwa namna nyingine. Tena kinga yenyewe si kamili. Rakai kulifanywa uchunguzi mwingine, juu ya wake wa wanaume waliokuwa na virusi, wala tohara ya mume haikuonekana kumkinga mke.

Lakini hoja ya "wazee walijua" ina hatari kubwa zaidi, nayo ni dada.

Ikiwa tohara ni kinga, na tohara ya Singida ni mbili, mwenye desturi atauliza: mbona mwaisifu moja na kuishitaki ya pili? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa neno lilelile moja. Ndiyo maana, katika miaka ya harakati, ule msemo "tohara ya wanawake" ulianza kusukumwa pembeni, na mahali pake pakaja "ukeketaji". Wapenzi wa lugha watalitambua tendo hilo. Kukeketa kwa Kiswahili ni kukata kwa kisu butu, kwa kurudiarudia. Neno lenyewe limeshahukumu kabla ya hakimu. Wako wanaolilaumu kwa ukali wake. Mimi naona limestahili, kwa sababu kinachoondolewa kwa msichana hakina faida yoyote ya afya iliyopata kuonekana, na madhara yake yanajulikana: damu nyingi, vidonda, uchungu wa uzazi, hata kifo. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ikafuata njia hiyohiyo, ikamfanya amkeketaye msichana wa chini ya miaka 18 kuwa mhalifu wa kufungwa miaka 5 hadi 15. Juu ya aliyetimiza miaka hiyo sheria ilinyamaza.

Sasa tazama jinsi desturi nayo ilivyoikimbilia afya. Katika Singida na Dodoma kuna maradhi yaitwayo lawalawa. Ukiyachunguza ni maambukizi ya kawaida ya sehemu za siri na njia ya mkojo, mwasho na uchafu unaowapata watoto, na dawa zake ziko zahanati. Lakini katika nyumba nyingi yaliaminiwa kuwa ni ghadhabu ya mizimu iliyonyimwa haki yake, na kwamba dawa yake ni moja tu, kumkeketa mtoto. Waliofuatilia asili ya imani hiyo huirudisha kwenye mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa ile ya 1970, zama ambazo serikali ya Azimio la Arusha ilikuwa ikizipiga vita desturi kama hizi. Kabla ya hapo, kwa kauli ya wazee wenyewe, lawalawa haikuwa ikijulikana. Yaani desturi ilipokatazwa kuwa desturi ilijigeuza tiba. Nani atamshitaki mama anayemtafutia mwanawe dawa?

Gharama ya kugeuka huko ilikuwa umri. Msichana wa zamani alikatwa akiwa na wenzake, katika msimu unaojulikana, na shangazi na bibi wakimfunda. Mgonjwa wa lawalawa ni mtoto mchanga, hukatwa usiku, ndani, bila ngoma, na hukua asijue alifanyiwa nini. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010, wanawake kiasi cha 51 katika kila 100 mkoani Singida walisema wamekeketwa. Mwaka 2015-16 walikuwa 31, na mwaka 2022 kama 20. Bila shaka kuna kupungua kwa kweli ndani ya tarakimu hizo. Lakini mwanamke anayeulizwa juu ya jinai iliyotendwa na bibi yake hufikiri kabla ya kujibu, na aliyekatwa katika wiki zake za mwanzo huenda akajibu "hapana" kwa moyo mweupe.

Na mafunzo je? Hans Cory, ambaye wapenzi wa ushairi humkumbuka kwa diwani ya Sikilizeni Mashairi, ndiye aliyechapisha pia, mwaka 1947 na 1948, maelezo marefu juu ya jando na mafunzo yake. Ukiyasoma utaona kuwa kukata kulikuwa kazi ya dakika chache, na yaliyobaki yote yalikuwa maneno: nyimbo, mafumbo, maonyo, miiko. Kwa kaka wa Singida zahanati ilichukua zile dakika chache, ikazifanya kwa usafi na ganzi, na maneno yakabaki njiani hayana mchukuzi. Kwa dada maneno yalikufa kwanza, wembe ukabaki. Wako wanaharakati waliojaribu kinyume chake, kuwafunda wasichana bila ya kuwakata. Sisi wa pwani jambo hilo halitushangazi, maana ndio unyago wetu; lakini kwa Mnyaturu ni kuombwa aamini kuwa kumbe kisu hakikuwa kiini.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa tohara ya kinga kwa wanaume, ukawaelekea walio na umri wa miaka 15 na zaidi, kwa ajili ya usalama wao na ili kijana aweze kukubali au kukataa kwa kinywa chake mwenyewe. Huko Singida, mtoto wa kike anayesemwa kuwa ana lawalawa hajaanza hata kutambaa.