Wimbo unaanzia wapi? Historia ya mipaka kwenye CD ya muziki

Kama mliwahi kuchoma CD ya tamasha au ya kwaya iliyorekodiwa jukwaani, huenda mnaikumbuka ile kero: makofi yanakatika ghafla, kimya cha sekunde mbili, halafu makofi yanaendelea. Wengi walilaumu CD za bei rahisi. Chanzo ni cha zamani zaidi, na ni kitamu kukifuatilia.

Tuanze na namba 44,100, idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde katika CD. Mbona isiwe 44,000 kamili? Ni kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 70 sauti ya dijitali ilihifadhiwa kwenye kanda za video, ikiandikwa kama picha ya nukta nyeusi na nyeupe. Kila mstari wa picha ulibeba sampuli 3. Katika video za Marekani na Japani ilitumika mistari 245 kwa kila nusu-picha, na nusu-picha zilikuwa 60 kwa sekunde: 3 × 245 × 60. Za Ulaya zilikuwa 3 × 294 × 50. Pigeni hesabu, jibu ni lile lile!

Mwaka 1980 Philips na Sony waliandika kanuni za CD katika Red Book, yaani Kitabu Chekundu. Sisi waandishi wa programu tunashangazwa na jambo moja humo: CD ya muziki haina faili. Ina mkondo mmoja mrefu wa sauti unaojizungusha kutoka ndani kwenda nje, umegawanywa fremu 75 kwa sekunde. Kila fremu ina sampuli 588 kwa kila upande wa stereo, baiti 2352. Mwanzoni mwa diski kuna orodha ya saa ambazo nyimbo zinaanza, zisizidi 99. Basi. "Wimbo wa 5" ni dakika, sekunde na fremu tu, na mpaka wake hauwezi kuangukia katikati ya fremu.

CD za kuchoma zilipata kitabu chao, Orange Book, mwaka 1990. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, leza inazimwa kila wimbo unapokwisha, kisha inawashwa tena. Ile sekunde mbili ya kimya inatoka hapo. Ya pili ni kuchoma diski nzima kwa mkupuo mmoja, lakini hapo lazima uipe programu ramani mapema. CDRWIN ndiyo iliyoeneza ramani hiyo, faili ya maandishi matupu inayoitwa cue:

TRACK 02 AUDIO
INDEX 00 04:10:20
INDEX 01 04:12:20

Hiyo 20 ya mwisho ni fremu, inakwenda 00 hadi 74. INDEX 01 ni wimbo wenyewe. INDEX 00 ni kinachoutangulia. Kwangu mimi huu ndio ufundi mzuri kuliko yote humu: weka makofi na maneno ya mwimbaji kwenye INDEX 00. Anayesikiliza mfululizo atasikia kila kitu, na anayeruka moja kwa moja hadi wimbo wa 2 hatalazimika kuyapitia.

Ukipenda kukata vipande vya wav badala ya cue, hakikisha urefu wa kila kimoja unagawanyika kwa 588. Usipogawanyika, fremu ya mwisho hujazwa sufuri, na katikati ya ngoma utasikia "tik!" Audacity inaweza kukulazimishia mipaka hiyo.

Ajabu ni kwamba MP3 ilirudisha tatizo lile lile. Nyimbo zikawa faili kweli, fremu ikawa ya sampuli 1152, na kila faili ikaongezewa kimya kidogo mbele na nyuma. LAME ikaanza kuandika ndani ya faili idadi ya sampuli za kutupa, na iTunes ilipata uwezo wa kucheza bila pengo mwaka 2006, miaka 24 baada ya CD kuingia madukani Japani ikiwa tayari inafanya hivyo.