DUKA LA SAFARI: KABLA SEWAHAJI HAIJAWA WODI (Sehemu ya 4)

Leo tuanze na magemu, maana najua wengi mna vijana nyumbani. Kuna yale ya mashujaa na mazimwi ambayo wewe si shujaa, ni mwenye duka. Unauza panga, ngao na dawa. Shujaa anaingia porini, wewe unabaki kaunta unapiga hesabu.

Basi duka la namna hiyo lilikuwepo kweli, Bagamoyo, na wateja wake walipita hapa hapa Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru.

Chukua mfano wa Stanley, mwaka 1871, akienda kumtafuta Livingstone. Njiani hakukuwa na pesa ya sarafu. Chakula na hongo vililipwa kwa bidhaa. Aliambiwa kulisha watu 100 kwa siku moja kunataka doti 10 za kitambaa, yaani yadi 40. Akabeba merikani, kaniki, waya, na magunia 22 ya ushanga.

Hapo kwenye ushanga ndipo penye mtego. Mweusi ulikubalika Ugogo, lakini kwingine hakuna aliyeutaka. Ukikosea aina, una gunia zima mgongoni na bado unalala njaa. Kwa hiyo mwenye duka mzuri hakuuza shanga tu, aliuza na ujuzi wa njia.

Msafara wake wote ulikuwa na watu 192. Ulipita Simbamwene, mji wenye ngome ya mawe alioujenga Kisabengo. Wakati huo alitawala binti yake, naye akadai hongo. Ndiyo, hata sisi Moro tulikuwa na kaunta yetu!

Wapagazi Stanley aliwapata kwa msaada wa kijana mmoja wa Kihindi pale Bagamoyo, wa umri wa miaka 20 hivi: Sewa Haji Paroo. Kitabuni Stanley amemlalamikia sana kwamba ni mjanja kwenye hesabu. Huyo huyo baadaye akawa tajiri mkubwa wa kuandaa misafara na kugharamia biashara ya pembe za ndovu.

Sasa jiulize, nani alilipa gharama halisi? Si mwenye duka, na mara nyingi si shujaa. Ni mpagazi. Mzigo begani, mvua za masika, homa, kuhara, vidonda vya miguu. Kwenye gemu anakunywa chupa ya dawa anapona. Kwenye njia ile, aliyeshindwa kutembea mara nyingi aliachwa.

Sewa Haji alifariki 1897. Mwaka huo huo Dar es Salaam ikapata hospitali iliyotokana na mchango wake, kwa ajili ya wagonjwa wasio Wazungu, ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1956 huduma zake zikahamia hospitali mpya ya Princess Margaret, ambayo leo ndiyo Muhimbili.

Kwa hiyo mgonjwa wako akipewa rufaa kutoka Moro, akakupigia simu kwamba amelazwa Sewahaji, ujue hilo ni jina la mwenye duka. Mimi simfanyi malaika, wala simtukani. Nasema tu kwamba fedha ile ilibebwa mabegani na watu ambao majina yao hayapo kwenye wodi yoyote. Ukipita pale, wakumbuke na wao.

Sehemu ya 5 tutarudi Simbamwene, kwa yule binti wa Kisabengo. Msikose.