Itifaki: simu inapobishiwa hodi

Katika harambee za Kangemi na mikutano ya ukumbi wa KICC, jijini Nairobi, msemaji anayetaka kuruka orodha ndefu ya waheshimiwa husema, "Itifaki imezingatiwa," kisha akaanza hotuba. Neno hilohilo ndilo linalofanya kazi ndani ya waya wa USB kati ya simu na kompyuta ya Linux.

Zamani simu ya Android ilichomekwa ikawa kama flashi. Kompyuta iliitwaa kadi nzima ya kumbukumbu, na simu isiweze kuigusa mpaka kompyuta iiachilie. Mwaka 2011 Android ilianza kuhamia kwenye itifaki iitwayo MTP, iliyosanifishwa mwaka 2008. Hapa simu haikabidhi ufunguo. Kompyuta huuliza kuna faili gani, simu hutaja; ikiomba moja, simu huingia chumbani na kuileta. Kompyuta ni mgeni, amesimama sebuleni.

Juzi nyumbani Kawangware, folda ya simu yangu ilifunguka kwenye Ubuntu ikiwa tupu. Nilikuwa nimebisha kwenye mlango uliofungwa: simu haikuwa imefunguliwa kwa nambari ya siri, tena ilikuwa imeachwa kwenye kuchaji tu. Nilipoifungua, nikavuta arifa chini na kuchagua kuhamisha faili, picha zikajipanga. (Wiki iliyotangulia kosa lilikuwa la waya. Muuzaji wa Barabara ya Luthuli aliujaribu, akanirudishia: "Hii ni ya kuchaji, mkubwa. Haipitishi data.")

Kwa hiyo nasema itifaki, wala si kanuni. Kanuni huweza kutungwa na upande mmoja. Itifaki imetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule wa mwafaka na kuafikiana, na bila pande mbili kuafikiana hakuna faili inayopita. Waingereza walirithi neno la Kigiriki kuhusu karatasi ya kwanza iliyogundishwa kwenye hati. Letu limeigusa kazi yenyewe.

Kinachonisumbua ni kitenzi. MTP hutafsirika kama itifaki ya kuhamisha midia, lakini aliyehama Kangemi hayupo tena Kangemi, ilhali picha uliyoichukua hivi hubaki kwenye simu. Jirani yangu alisita kubonyeza palipoandikwa kuhamisha, akihofia picha za harusi ya bintiye zingeondoka.

"Tunanakili tu, mama," nikamwambia.

Akabonyeza.